Kuvuka kwa Boti Ndogo katika Maji Mafupi ya Pwani: Mwongozo kwa Anayeongoza Kikundi kutoka Nairobi

Kila likizo ya Agosti na Desemba inapokaribia, watu wa Nairobi wanaopanga safari za chama, kanisa, shule au ukoo kwenda visiwa vya Lamu, Pate au Wasini huuliza maswali yale yale: boti huondoka saa ngapi, asiyejua kuogelea anaweza kuvuka, jaketi hupatikana huko huko au ni lazima kulibeba, na kwa nini nahodha alikataa kuondoka ilhali bahari ilikuwa shwari na pesa zilikwisha kulipwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye jina lake liko juu ya orodha ya safari, yule ambaye wengine wamemkabidhi pesa zao na watoto wao. Haukufundishi kuendesha chombo, kwa kuwa hiyo ni kazi ya nahodha. Unakufundisha kupanga safari kwa namna ambayo nahodha hatalazimika kukimbizana na saa yako, na kujua ni lini uwaambie watu wako wasipande.

Wengi hudhani kwamba maji mafupi na ufuo unaoonekana kwa macho ni usalama wa kutosha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka mjini Mombasa ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, mita 40 hivi tu kutoka ukingoni, na watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Ufuo ulikuwa karibu mara zote mbili. Chombo kikishapinduka, ukaribu wa nchi kavu haumfai aliyenaswa chini ya paa la boti wala aliyeng'ang'aniwa na mwenzake anayezama.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka husika. Halmashauri ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la Kilindini, yaani bandari ya Mombasa, na zipo programu za simu zinazotoa makadirio ya Lamu na Shimoni, panapoondokea boti za Wasini.
- Utabiri wa hali ya bahari kutoka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo makao yake yako Dagoretti Corner na ambayo hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa.
- Orodha ya abiria yenye jina, umri, uzito wa kila mtoto, na alama mbele ya kila asiyejua kuogelea.
- Majaketi ya kuokolea maisha ya watoto. Ya watu wazima unaweza kuyapata kwa mwenye boti, lakini ya watoto usiyategemee mpaka umeyaona.
- Mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu mbili zenye chaji, filimbi kadhaa, na tochi.
- Maji ya kunywa ya kutosha mchana mzima, hata kama safari yenyewe ni ya nusu saa. Sababu utaiona mbele.
- Mtu mmoja anayebaki Nairobi akiwa na nakala ya orodha.
- Angalau mtu mmoja kikundini aliyepata mafunzo ya huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo hapa Nairobi.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na kwa sababu hiyo saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji hupanda sana na kushuka sana, na huko Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kikundi kilichosafiri usiku kucha kutoka Nairobi, kikanywa chai na kufika gatini saa nne asubuhi ya bamvua, kimefika wakati mbaya kuliko wote.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kutazama mwezi kabla ya kukata tiketi.

Kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa katika maduka mengi ya Eastleigh, inakutosha kwa hatua hii. Bamvua huangukia karibu na tarehe 1 na 15 ya mwezi wa Kiislamu, na maji mafu karibu na tarehe 8 na 22. Kwa kikundi chenye watoto na wazee, mimi hupendekeza siku za maji mafu, kwa kuwa mikondo huwa dhaifu, ngazi za gati hazifunuliwi sana, na kina katika njia za mikoko hakibadiliki kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo ziko njia zenye kina kifupi sana ambazo huhitaji maji mengi, na huko maji mafu huenda yasitoshe kupitisha boti iliyojaa. Muulize nahodha kuhusu njia yenu hasa.

Hatua ya 2: Soma jedwali na uandike muda wenu wa kuvuka.

Tuseme jedwali la siku ya bamvua linaonyesha hivi: kujaa 04:20, mita 3.7; kupwa 10:35, mita 0.2; kujaa 16:45, mita 3.5. Kwanza geuza saa hizo ziwe saa zetu, maana 16:45 ni saa kumi na dakika arobaini na tano alasiri, na kosa la kugeuza saa limewaacha wengi gatini. Kisha kumbuka kwamba maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawa kushuka kote katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano mafungu 2, na ya sita fungu 1. Katika mfano wetu maji yanashuka mita 3.5, kwa hiyo kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi peke yake yanapungua kwa karibu mita 1.75. Boti iliyopita juu ya fungu la mchanga bila taabu saa kumi na mbili na nusu inaweza kukwama pale pale kabla ya saa tatu.

Kanuni ya kushika ni kwamba mahali penye maji mafupi pavukwe maji yakiwa yanajaa. Ukigusa mchanga maji yakijaa, baada ya muda mfupi yatakuinua. Ukigusa yakipwa, utabaki hapo. Katika mfano huu muda mzuri unaanza karibu na saa nane kasorobo mchana, maji yakiwa yamefika nusu, mpaka muda mfupi baada ya saa kumi na moja kasorobo jioni, na bado mwanga wa jua utakuwepo. Andika muda huo juu ya ratiba yenu kabla hujaandika saa ya chakula au ya kuingia hotelini.

*Tahadhari:* Baadhi ya programu za simu huonyesha saa za GMT, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Kosa la saa 3 linatosha kukuonyesha maji yamejaa wakati kwa kweli yamefika nusu tu. Tena, saa za Kilindini hazilingani kwa dakika na za Lamu au za vijito vya ndani, na mwenye neno la mwisho ni nahodha wa mahali hapo.

Vivuko vifupi vyenye kina, kama kile cha kutoka uwanja wa ndege wa Manda hadi mji wa Lamu, hufanya kazi mchana kutwa, na hesabu hii haivihusu sana isipokuwa kwa ngazi za kupandia. Inahusu hasa njia za ndani ya mikoko, kama Mkanda inayopita kati ya Manda na bara kuelekea Pate, pamoja na madiko ya visiwa, yaani mahali boti zinapotia, ambayo maji yakipwa hubaki tope tupu.

Hatua ya 3: Tazama upepo.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili na kupata nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Likizo ya Agosti, ambayo Wanairobi wengi huipenda, huangukia wakati wa kusi. Ndani ya mikoko huenda usihisi chochote, lakini kwenye mlango wa bahari, mfano ule wa upande wa Shela, mawimbi yanayoingia hukutana na maji yanayotoka, nayo husimama wima, hukaribiana na kuvunjika. Mahali pale pale ambapo maji yakijaa mlipita mkiimba panaweza kuijaza boti maji saa 4 baadaye. Kwa hiyo usimwombe nahodha awazungushe kidogo nje ili mwone bahari kuu wakati maji yanatoka na kusi inavuma. Akisema njia ya nje haifai leo, msiitumie.

Hatua ya 4: Panga safari ya nchi kavu ifuate maji.

Basi la kwenda Lamu huishia Mokowe, gati la upande wa bara, na kuchelewa kwake ni jambo la kawaida. Treni ya SGR hukufikisha Miritini, na kutoka hapo hadi Shimoni bado kuna kuvuka Likoni au kupita barabara ya Dongo Kundu, na magari ya kuelekea kusini. Weka nafasi ya saa kadhaa kati ya kufika na kuvuka, na safari ikiwa na watoto weka usiku mmoja upande wa bara. Gharama ya usiku huo iingizwe katika mchango tangu mwanzo, kwa sababu pesa isiyokuwepo kwenye bajeti ndiyo inayowafanya watu wazima wenye akili wavuke gizani.

Hatua ya 5: Zungumza na nahodha mapema, na umwachie yeye kutaja saa.

Ukipiga simu na kusema, "Tunataka kuondoka saa tatu," atajitahidi kukuridhisha kwa kuwa wewe ni mteja. Jaribu hivi:

"Shikamoo, nahodha. Tuko watu kumi na wanane, sita kati yao ni watoto, na tunataraji kuvuka Ijumaa. Maji yatakuwaje siku hiyo, na wewe ungependa tutoke saa ngapi?"

"Marahaba. Ijumaa asubuhi tutapwelewa. Njooni baada ya adhuhuri, maji yakipanda."

Kupwelewa ni kukwama maji yakipwa. Jibu la namna hiyo ni dalili njema. Nahodha anayekuambia kwamba saa yoyote ni sawa, bila kuuliza mko wangapi wala mnakwenda wapi, mshukuru kwa heshima na umtafute mwingine. Baada ya hapo uliza kama chombo kimekaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya na kina cheti, kimeruhusiwa kubeba abiria wangapi, kama kuna jaketi kwa kila mmoja, na injini ikizima kuna nini kingine. Jibu zuri kwa swali la mwisho ni injini ya pili. Katika maji mafupi, nanga, makasia na pondo (mti mrefu wa kusukumia boti) pia ni majibu ya maana.

*Tahadhari:* Usivutane naye bei mpaka aione safari haimlipi. Nahodha aliyekubali bei isiyomtosha atafidia kwa njia mbili, ama aongeze abiria na mizigo mingine, ama apunguze mafuta. Utaratibu salama wa mafuta ni theluthi moja ya kwenda, theluthi moja ya kurudi, na theluthi moja ya akiba, na hiyo akiba imo ndani ya bei unayoipigania ipunguzwe.

Hatua ya 6: Pimeni majaketi mkiwa bado Nairobi.

Hapa ndipo ninapoomba usiharakishe, kwa kuwa jaketi lisilomtosha mtoto ni hatari iliyojificha. Soma lebo ya ndani. Utaona uzito wa mvaaji kwa kilo na nguvu ya kuelea kwa nyutoni. Nyutoni 50 zinamfaa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Asiyejua kuogelea, na kila mtoto, avae la nyutoni 100 au zaidi, lenye kola inayoshikilia kichwa. Mvalishe mtoto, funga vishikizo vyote na ule mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha mwambie anyooshe mikono juu nawe uinue jaketi kwa kulishika mabegani. Likipanda mpaka likafunika kidevu na masikio, majini litamvuka kichwani.

Kisha tafuteni bwawa la kuogelea na kila mtu aingie nalo. Mtu mzima aliyekulia mbali na maji, na ambaye hajawahi kuelea hata siku moja, hushtuka sana mwili unapoachana na sakafu, na afadhali ashtukie kwenye bwawa la mtaani kuliko katikati ya mkondo. Mfundishe kulala chali, kukunja magoti na kupiga filimbi. Maboya ya kuchezea yanayopulizwa na kuvaliwa mikononi yaacheni huko huko bwawani.

Hatua ya 7: Mwachie mtu wa Nairobi orodha na saa.

Orodha iwe na majina ya wanaopanda kweli, na mtu mmoja akiahirisha dakika ya mwisho, irekebishwe kabla ya kung'oa nanga. Mpe mtu huyo jina la boti, nambari ya usajili iliyoandikwa ubavuni, simu ya nahodha, mahali pa kuondokea na pa kufikia, na saa ambayo, asiposikia kutoka kwenu, atampigia nahodha na kisha kupiga 999 au 112. Boti ikipata ajali, swali la kwanza la waokoaji ni idadi ya waliokuwamo.

Hatua ya 8: Kagua chombo mkiwa gatini.

Mambo haya huchukua dakika chache:

Nambari ya usajili na idadi ya abiria vionekane. Hesabu watu wako mwenyewe, watoto wakiwemo, maana mtoto aliyepakatwa naye ni mtu. Majaketi yawe karibu na viti na yasiwe yamefungiwa kwenye sanduku la mbele. Sakafu isiwe na maji yanayotembea, na kuwe na ndoo au kata ya kutolea maji.

Injini ikiwashwa, tazama ubavuni mwake, chini kidogo ya kifuniko. Utaona mchirizi mwembamba wa maji ukitoka kwa kasi. Hayo ni maji yanayoipoza injini. Mchirizi ukiwa dhaifu au ukikatika, inawezekana tope, mchanga au jani la mkoko limeziba njia yake, na injini hiyo itapata joto na kuzima mkiwa njiani. Mwonyeshe baharia kwa upole naye ataizibua. Tazama pia kama nahodha amejifunga ile kamba ya kuzimia injini mkononi au mguuni, ili akianguka rafadha, yaani panga la injini, isiendelee kuzunguka karibu na watu.

Boti nyingi zina paa la turubai, na nyingine zina mapazia ya pembeni ya kuzuia rasharasha. Omba mapazia yakunjwe na yafungwe juu. Boti ikipinduka mapazia yakiwa chini, jaketi hilo hilo linalokuinua litakubana dhidi ya turubai.

Watu wote wakishakaa, weka kiwiko juu ya ukingo wa boti, upande usio wa gati, na uning'inize mkono. Vidole vikilowa, kwa kipimo changu boti hiyo imezidiwa, hata kama idadi ya abiria ni halali, na mizigo lazima ipungue.

Hatua ya 9: Pandeni mmoja mmoja.

Maji yakipwa, ngazi za chini za gati hufunuliwa zikiwa na utelezi wa mwani. Jaketi livaliwe na kufungwa kabla ya kuteremka ngazi. Mizigo ipokezanwe kwa mkono, na mtu asishuke akiwa na begi mgongoni. Kanyaga katikati ya boti, kaa mara moja, na usiweke mkono kati ya boti na gati, kwa sababu wimbi dogo tu la boti nyingine linatosha kuponda vidole.

Mtoto mchanga asipandishwe akiwa amefungwa mgongoni kwa leso. Mfungue, mvalishe jaketi lake, na apakatwe mbele. Najua akina mama wengi huona leso ndiyo imara zaidi, na nchi kavu ni kweli, lakini mama akianguka majini kifudifudi akielea, mtoto aliye mgongoni hana anayemwona, na mama akigeuka chali mtoto yuko chini ya maji.

Mahali pasipo na gati mtatembea majini hadi kwenye boti. Injini izimwe kwanza, na kila mtu apite mbali na rafadha.

Hatua ya 10: Kaeni mlipopangiwa.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kusimama wote upande mmoja. Upande wa Wasini, kuelekea Kisite, pomboo wakitokea kila mtu huinuka na simu yake na kukimbilia upande ule ule, na chombo chepesi huanza kwenda mrama papo hapo. Waambie kabla ya kuondoka kwamba nahodha atazunguka ili pande zote mbili zione, na kwamba atakayesimama atawafanya wote warudi. Hili litamke kwa sauti, mbele ya nahodha, ili ajue una msimamo mmoja naye. Pombe isinywewe kabla wala wakati wa kuvuka, na sigara isiwashwe karibu na mafuta. Anayehisi kichefuchefu akae katikati na kutazama mbali, na akilazimika kutapika, jirani amshike hapo hapo alipo.

Mambo yakiharibika

*Boti imekwama juu ya mchanga au tope.* Muulize nahodha kama maji yanajaa au yanapwa. Yakijaa, tulieni. Yakipwa, ana dakika chache tu za kuisukuma kwa pondo au kuwahamisha watu ili upande uliogusa uinuke, na hapo kila mtu afuate amri yake bila kubishana. Injini isilazimishwe kwenye tope, kwa kuwa itavuta uchafu ndani. Zikishindikana zote, mmepwelewa. Katika mfano wetu wa hatua ya 2, aliyekwama saa kumi na mbili na nusu asubuhi ataelea tena karibu na saa tisa kasoro dakika ishirini mchana, maji yatakaporudi kwenye kimo kile kile. Ndiyo sababu ya yale maji ya kunywa. Mtu asishuke kutembea kuelekea ufuo unaoonekana: kuna tope linalomeza miguu hadi mapajani, kuna wanyama wa baharini na samaki wenye miiba ya sumu, na mara nyingi kuna kijito chenye kina kati yenu na nchi kavu, ambacho maji yakirudi hujaa kwanza.

*Injini imezima.* Nanga ishushwe mara moja kabla mkondo haujawasukuma kwenye mwamba au mlango wa bahari. Katika maji mafupi nanga hushika upesi. Mtu mmoja ampigie mtu wa Nairobi, wengine wabaki wamekaa.

*Mtu ameanguka majini.* Paza sauti useme "Mtu majini!" na mtu mmoja amnyooshee kidole bila kumwondolea macho hata mara moja. Mrushieni boya au jaketi la ziada. Injini izimwe kabla hajafika ubavuni, na wakati wawili wanamvuta ndani, wengine wakae upande wa pili. Asiruke mtu kumfuata.

*Boti imepinduka.* Toka chini ya paa kwa kushika ukingo na kujivuta kuelekea kwenye mwanga. Kisha baki na boti. Boti nyingi za fiba huendelea kuelea hata zikijaa maji, na waokoaji huona boti kabla ya kuona kichwa cha mtu. Maji yakiwa yanatoka, mkondo humshinda hata mwogeleaji hodari, ingawa mikoko iko mbele ya macho yake. Watoto wawekwe katikati, hesabuni watu kwa majina, pigeni filimbi.

*Aliyeokolewa hapumui.* Aliyefunzwa aanze kwa kumpulizia pumzi, ndipo abonyeze kifua. Msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Yeyote aliyevuta maji kifuani apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama amesimama na kusema yuko salama.

*Nahodha anaongeza abiria, au ananuka pombe.* Shusheni watu wenu kabla ya kudai pesa. Pesa itadaiwa baadaye, mkiwa gatini, mbele ya wasimamizi wa gati au maafisa wa Kikosi cha Walinzi wa Pwani ikiwa wapo.

*Tumefika Mokowe jua limekwisha kutua.* Laleni huko. Mfungulie kila mtu nafasi ya kulalamika, kisha chukueni vyumba kwa zile pesa za akiba, muulize nahodha maji ya kesho yatajaa saa ngapi, na umpigie mtu wa Nairobi umpe saa mpya.